Kwanini mivumo (ile miti ya jamii ya mnazi) ya mto Rufiji imekufa ikiwa imesimama ndani ya maji? (Hifadhi ya Nyerere)

MjukuuWaUtete

Wakuu habari zenu, naomba mnieleweshe kitu kinanisumbua tangu nirudi safari. Mwezi wa nane tulikwenda hifadhi ya Nyerere, ile ambayo wengi bado tunaiita Selous, tukaingilia geti la Mtemere upande wa Mloka na jioni tukapanda boti. Mi kwetu ni Utete ila nimezaliwa na kukulia Mbagala, huu mto nilikuwa naujua kwa kupita darajani tu kwenye basi la kusini, sijawahi kuuona hivi. Aisee nilikaa kimya boti nzima.

Sasa tulipotoka kwenye mto wenyewe tukaingia ziwa mojawapo, nikakuta mivumo mingi sana imekufa imesimama majini, haina vichwa kabisa, imebaki shina tupu refu kama nguzo za umeme ambazo hazijafungwa waya, na juu ya kila nguzo kuna ndege. Ni pazuri lakini panatia huzuni, nikajiuliza hapa pamekumbwa na nini, moto? ugonjwa? au lile bwawa la umeme kule juu? Aliyekuwa anatuendesha alieleza lakini injini ilikuwa inapiga kelele sikushika vizuri na niliona aibu kumrudisha nyuma kila saa.

Nikampigia simu bibi yangu yuko Utete, ana miaka themanini na kitu, nikamhadithia. Akanijibu kwa mkato, "Mto umehama hapo. Huo mto haukai." Nikamuuliza mto unahamaje bibi, akasema nimuulize maswali hayo mtu ambaye hapiki.

Kwa hiyo nauliza kwenu, mto kuhama ni kweli au ndo maneno ya wazee? Yale maziwa maji yake yanatoka wapi? Na kuna ndege nimemuona anaruka chini kabisa juu ya maji mdomo wazi, mdomo wa chini unachana maji kama kisu, yule ni nani? Anayeujua huu mto naomba aandike kirefu tu mi nitasoma yote.

Kisiki_Kikavu

Bwawa hilo dada wala usihangaike. Watu walilia sana kabla halijajengwa kwamba litaua mto na mashirika ya nje yakapinga, haya sasa matokeo ndo hayo umeyaona kwa macho yako. Inauma.

NahodhaMloka

Hapana ndugu yangu Kisiki, hapo tutamdanganya dada wa watu. Mi naendesha boti huu mto tangu 2009 na ile mivumo niliikuta hivyo hivyo haina vichwa, mzee aliyenifundisha kazi naye aliikuta. Bwawa limeanza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, sasa mti uliokufa kabla mi sijaanza kazi utausingizia vipi bwawa. Bwawa lina mambo yake na nitayasema, lakini hili la mivumo sio lake.

Dada Mjukuu, bibi yako amesema kweli tupu. Sikiliza. Rufiji ukiwa kule juu unapita kwenye lile korongo la mawe ambalo zamani liliitwa Stiegler (huyo alikuwa mzungu mhandisi, aliuawa na tembo hapo hapo mwaka 1907), pale mto umebanwa hauna ujanja, umeshikwa kushoto na kulia na mwamba. Ukishatoka pale unaingia tambarare, ardhi ni mchanga na udongo laini, mteremko mdogo sana, maji yanapunguza mwendo na yakipunguza mwendo yanatua mzigo, yaani ule mchanga na tope yaliyobeba kutoka milimani. Mwaka baada ya mwaka mto unajijazia mchanga kwenye kitanda chake wenyewe mpaka unakuwa umeinuka, halafu inakuja masika moja kubwa, mto unapasua kingo na kushika njia ya chini zaidi, kule ulikokuwa panabaki kona iliyokatwa. Hizo kona ndo maziwa uliyopita, Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu, Mzizima, yote ni watoto wa mto. Mengine bado yana mlango mdogo wa kuingilia maji, mengine yanasubiri mafuriko yajae juu ya kingo ndo yapate maji mapya na samaki wapya.

Sasa mivumo. Mvumo unapenda sana kukaa karibu na mto, maji yakija wiki kadhaa yakaondoka hauna shida nayo. Unachoshindwa ni maji kusimama kwenye mizizi mwaka mzima, mizizi inakosa pumzi. Mto ulipogeuza njia maziwa yakapanda, mivumo iliyokuwa ukingoni ikajikuta iko ndani, ikazama kwa miguu. Na mvumo sio kama mkoche ambao unatoa matawi, mvumo una kichwa kimoja tu kule juu na uhai wote uko pale, wagema wanalijua hili vizuri kuliko mtu yeyote, ukiharibu kichwa umeua mti. Kwa hiyo mti ukifa makuti yanaanguka, kichwa kinaoza kinadondoka, ila gamba la nje la shina ni gumu mno, linaweza kusimama miaka na miaka. Ndani kunakuwa laini, ndege wanatoboa wanatengeneza nyumba, na juu anakaa tai mlasamaki, yule mwenye kichwa cheupe uliyemsikia akilia asubuhi. Kwa hiyo pale ulipoona makaburi kuna watu wamepanga vyumba!

Huyo ndege mwingine wa mdomo, kwa Kiingereza wanamwita African skimmer, ni maarufu sana kwa wageni wanaopenda ndege. Mdomo wake wa chini ni mrefu kuliko wa juu, anauchovya majini huku anaruka, ukigusa kisamaki mdomo unajifunga wenyewe. Huyu anataga kwenye mchanga mtupu katikati ya mto kiangazi, hana kiota, anakwaruza kishimo tu. Shika hilo la mchanga, nitalirudia.

MjukuuWaUtete

Nahodha ahsante sana yaani hapa nimeelewa kuliko siku ile. Kumbe lile ziwa lilikuwa mto! Sasa nauliza, mivumo mipya inaota? Maana nilikoona iliyo hai ilikuwa mirefu ya kizazi kimoja, midogo niliona michache.

NahodhaMloka

Inaota lakini mpandaji wake mkubwa ni tembo. Tunda la mvumo likiiva linakuwa la rangi ya chungwa na harufu yake unaisikia kabla hujaufikia mti, tembo anameza zima, mbegu kubwa kama ngumi ya mtoto zinatoka na mavi kilomita nyingi mbele zikiwa zimeshapata mbolea. Sasa kumbuka huku tulipigwa sana na ujangili. Miaka ya 1970 katikati eneo lote la Selous lilikadiriwa kuwa na tembo zaidi ya laki moja, hesabu ya 2013 ilikuta kama 13,000 tu, na mwaka uliofuata UNESCO wakaliweka kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mi nimeona mizoga kwa macho yangu, sitaki kuandika zaidi. Saivi wanarudi, unawaona na watoto, wanavuka mto jioni mama mbele na vitoto katikati. Mti wa mvumo unachukua miaka mingi sana kukua, kwa hiyo pengo la tembo wa wakati ule utaliona kwenye mivumo baadaye, wala sio leo.

Mwl_Ifakara

Nimefurahi kukuta mada hii. Mi ni mwalimu wa baiolojia sekondari, naishi Ifakara, yaani juu yenu nyote, maji mnayoyaona huko chini sisi ndo tunayatuma.

Niongeze kidogo watu waelewe ukubwa wa hiki kitu maana wengi wakisikia Rufiji wanawaza daraja. Jina Rufiji linaanzia pale Kilombero inapokutana na Luwegu kwenye maporomoko ya Shughuli, ndani kabisa ya pori, halafu chini kidogo inapokea Ruaha Mkuu. Bonde lote linakusanya maji kutoka eneo la kama kilomita za mraba 177,000, hiyo ni karibu moja ya tano ya Tanzania bara, mvua ikinyesha Njombe, Mbeya, Iringa, Songea kule, inakuja huku. Ruaha ndo una jina kubwa na watalii wengi ila kwa maji mkubwa ni Kilombero, unatoa karibu theluthi mbili ya maji yote ya Rufiji, Ruaha haufiki hata sehemu moja ya tano. Na Ruaha tangu 1993 umekuwa unakauka kabisa kiangazi kule unapopita hifadhini, viboko wanabanana kwenye dimbwi la tope wanakufa, kwa sababu maji ya Usangu yanachukuliwa mashambani na ardhioevu ya Ihefu ilivamiwa. Nasema hivi sio kumlaumu mkulima, mi mwenyewe nalima mpunga, ila mto haukauki bila mtu kuyachukua maji.

Kuhusu viumbe, bonde letu la Kilombero lina sheshe, swala fulani mwekundu wa nyika za karibu na maji, kuna wakati sehemu kubwa ya sheshe wote duniani walikuwa hapa kwetu. Wamepungua vibaya sana, nilipokuwa mdogo tulikuwa tunawaona ng'ambo ya kivuko, wanangu wanawaona kwenye kitabu. Kuna kandege anaitwa mnana wa Kilombero, sayansi imemtambua 1990 tu na hayupo popote duniani ila kwenye mabwawa ya bonde hili. Samaki ndo usiseme, kambale, kitoga, ngogo, perege (perege wa Rufiji ni aina yake kabisa), na yule tigafishi mwenye meno ya nje kama misumari, mmoja wao alipewa jina la kisayansi Hydrocynus tanzaniae mwaka 1986. Fikiria, samaki mkubwa wa kukata nyavu za watu, wavuvi wamemjua siku zote, vitabu vimekuja kumuandika baadaye sana.

Na kiboko ndo mpishi wa huu mto. Usiku anatoka anakula majani hata kilo arobaini, mchana anarudi majini na kila kitu anakiachia humo. Ile mbolea inalisha vijidudu, vijidudu vinalisha dagaa na vifaranga vya perege, ndege na mamba wanakula hao. Ukitoa viboko umeutoa mto chakula. Wanafunzi wangu nikiwaambia hivi wanacheka halafu hawasahau.

Kuhusu mabwawa naomba niseme jambo moja ambalo Watanzania wengi wamelisikia nusu nusu, chura wa Kihansi. Kihansi ni mto mdogo unaoingia Kilombero, una maporomoko, na kwenye ule ukungu wa maji yanayoruka palikuwa na chura mdogo wa rangi ya njano, hatagi, anazaa watoto wazima wadogo sana, anaishi kwenye vieneo vile vya ukungu na hakuna kwingine duniani. Mtambo wa umeme ulipoanza kazi mwaka 2000 maji yakapelekwa kwenye bomba, ukungu ukapotea. Walichukuliwa vyura 499 kupelekwa Marekani wakatunzwa huko kwenye bustani za wanyama, hapa wakaisha, 2009 wakatangazwa hawapo tena porini. Kisha 2012 wakaanza kurudishwa, na pale wakafungiwa mabomba ya kunyunyizia maji kutengeneza ule ukungu. Mi napenda umeme, nafundisha kwa taa na projekta. Ninachosema ni kwamba ukigusa maji hata kidogo kuna mtu mdogo alikuwa anaishi kwa hicho kidogo, na ni afadhali umjue kabla.

Mzee_wa_Ndundu

Wanangu nawasoma. Mjukuu, msalimie bibi yako, huenda tunafahamiana.

MjukuuWaUtete

Shikamoo babu! Tafadhali tuandikie, wewe ndo nilikuwa nakutafuta.

Mzee_wa_Ndundu

Marahaba mjukuu wangu. Naandikiwa na kijana wangu mimi nasema yeye anabonyeza.

Sisi tumezaliwa bondeni, chini kabisa mtoni, sio huku barabarani. Nyumba ya shamba ilikuwa dungu, nyumba ya juu ya miti, chini unapitisha mtumbwi. Maji yakija tunapanda dunguni, mtumbwi tunaufunga kwenye nguzo, mama anapikia juu kwenye udongo uliotandikwa. Kuku juu, mbuzi wanapelekwa vilimani. Hatukuwa tunayaita maafa. Tulikuwa tunauliza mwaka huu maji yamefika wapi, kama mnavyoulizana nyie mshahara umeingia. Maji yasipofika ndo njaa.

Maji yakianza kuondoka, mwezi wa tano wa sita, unafuata nyuma yake. Leo ukingo uko hapa unapanda hapa, kesho umeshuka hatua kumi unapanda hapo. Huo ndo mlau. Mahindi, kunde, choroko, maboga, hayaoni mvua hata tone, yanakula unyevu wa chini na ule udongo mpya mweusi ulioletwa. Mbolea ya dukani hatukuijua, mto ulikuwa unaleta. Samaki nao wanabaki kwenye mabwawa, watoto tunakwenda na matenga. Halafu kuna vile visamaki vidogo vya rangi nzuri, vyekundu na buluu, mvua ya kwanza tu vimo kwenye vidimbwi vya njiani ambavyo jana vilikuwa vumbi. Tulikuwa tunadhani vinashuka na mvua.

Yalikuja mafuriko makubwa 1968. Mwaka uliofuata serikali ikatuhamisha, operesheni, tukapelekwa juu kwenye vijiji vipya. Nia ilikuwa njema, shule, zahanati, watu wasife maji. Shule nilisoma mimi nisingesoma. Lakini shamba likabaki bondeni, mtu anatembea saa mbili tatu kwenda, nguruwe na nyani wamekula nusu kabla hajafika. Wengi walirudi kimya kimya msimu wa mlau. Mama yangu alirudi kila mwaka mpaka miguu ilipokataa.

Na huu mto una mambo yake mengine, mkumbuke Kinjikitile alitokea Ngarambe hapo kusini, maji aliyowapa watu yalikuwa na nguvu ya mto huu, ndipo vita ya Majimaji. Wajerumani wakamnyonga Mohoro, Agosti 1905. Watu wa huku wakisema maji, wanamaanisha kitu kikubwa.

Zamani hapa Ndundu palikuwa na pantoni. Mto ukijaa pantoni haivuki, mabasi yanalala wiki. Daraja la Mkapa limefunguliwa 2003 tukapumua.

2024 mwezi wa nne maji yalikuja tena makubwa, Mohoro watu waliondoka na nguo walizovaa. Wengi wakalisema bwawa limefunguliwa. Wengine wakasema bila bwawa yangekuwa makubwa zaidi. Mimi ninachojua zamani tulikuwa tunaambiwa na mto wenyewe, maji yanapanda kidogo kidogo siku nyingi, rangi inabadilika, takataka za juu zinaanza kupita, unajua yanakuja. Saivi watu hawaishi kwenye dungu, wanaishi chini kwenye nyumba ya tofali, na elimu ya kuyasoma maji imeondoka na wazee.

MjukuuWaUtete

Babu ahsante sana. Bibi naye anasema "mlau" nikadhani ni jina la mtu.

Mwl_Ifakara

Shikamoo mzee. Hivyo visamaki vyako vya rangi nina habari navyo. Mayai yao yanabaki kwenye tope lililokauka miezi yote ya kiangazi, mama na baba wameshakufa na dimbwi, mayai yamelala tu. Mvua ikigusa yanaanguliwa, vinakua haraka haraka vinataga vinakufa kabla dimbwi halijakauka tena, maisha yote ni miezi michache. Kuna aina zinapatikana bonde la Rufiji na kuna wazungu wanazifuga sebuleni kwao, wamezipenda kwa rangi hizo hizo. Kwa hiyo mlivyodhani watoto haikuwa mbali, kweli vinakuja na mvua.

KijanaNyamisati

Mnaishia darajani jamani na mto haujaisha, njooni huku delta. Mi nafanya kazi ya boti za Mafia, Nyamisati hapa.

Ule mchanga na tope anaosema Nahodha mzigo wa mwisho unatuliwa huku kwetu. Mto unapasuka mikono mingi unaingia baharini, na mikoko yetu ndo pori kubwa la mikoko sehemu moja kwa Afrika Mashariki yote. Mkoko, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana, mkomafi, kila mmoja na sehemu yake kulingana na chumvi na maji yanavyofika, mvuvi mzuri akiona mti tu anajua chini kuna tope la kumeza mguu au mchanga wa kukanyaga. Kamba wanazaliwa baharini ila wanakulia humu kwenye mizizi, maji ya mto yakija mengi kamba wanakuwa wengi, hilo kila mwenye nyavu anakwambia. Kaa pia.

Na kuhama mto sio huko juu tu. Miaka ya 1970 mwishoni maji mengi yaligeuka yakaja mikono ya kaskazini, ya kusini ikabaki na chumvi zaidi. Kaskazini maji yakawa baridi, watu wakaona hapa mpunga unakubali, wakakata mikoko wakalima, na wanaendelea. Baada ya misimu kadhaa shamba linachoka na kujaa magugu, wanasogea kukata tena. Nina ndugu zangu wanalima hivyo, siwezi kuwaita wahalifu, lakini kila nikipita naona pori limerudi nyuma na roho inaniuma.

Halafu papa potwe mnaowaona kwenye picha Mafia, wanakuja kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu mbele ya Kilindoni, samaki mkubwa kuliko wote duniani na anakula viduchu tu. Hivyo viduchu vinanawiri kwa sababu bahari ile ina rutuba, na rutuba hiyo sehemu yake ni Rufiji. Ndo maana nikisikia mtu anasema maji ya mto yanapotea bure baharini natamani nimpandishe boti aje aone yanapokwenda.

Bin_Mafia_Muscat

Salaam alaykum kutoka Muscat. Mmenigusa na mikoko. Marehemu babu alikuwa baharia wa majahazi, walikuwa wanaingia Rufiji kupakia boriti wanasubiri upepo wa kusi wanazileta huku Oman na Ghuba yote, kwa sababu huku mti wa kujengea hakuna. Ukiingia nyumba za zamani za udongo huku ukatazama juu, dari ni boriti zimepangwa moja moja na upana wa chumba umefuata urefu wa boriti. Mara ya kwanza nimeona nikazigusa nikasema hizi za kwetu. Haziliwi na mchwa kirahisi, zipo mpaka leo.

Kisiki_Kikavu

Nimesoma yote, Nahodha nakubali nilikosea kuhusu mivumo. Ila hujajibu kuhusu bwawa, ulisema una mambo ya kusema.

NahodhaMloka

Kweli, niliahidi. Nitasema ninachoona na ninachohofia.

Bwawa lile ni kubwa, ukuta mita 131, mashine tisa, megawati 2,115, umeme wake hata simu yangu inauchaji. Sio la kubomolewa na sina neno na umeme. Lakini ukuta unashika vitu viwili. Kwanza maji, yanatoka kwa kupangwa. Pili mchanga na tope, na hilo halipangwi, tope likishafika kwenye maji yaliyosimama linazama linabaki kule. Sasa rudini kwenye maelezo ya juu, mto unahama kwa sababu ya mchanga na mafuriko. Ukipunguza vyote viwili mto unaacha kuhama, unachimba chini mahali pamoja. Maziwa yanayosubiri maji yapande juu ya kingo yatasubiri. Tagalala leo ina maji, viboko wamejaa, mamba wamelala mdomo wazi, mgeni ataona kila kitu kiko sawa kabisa, ila ziwa la kona lisipopata maji mapya linajaa tope na majani kidogo kidogo mpaka linakuwa mbuga. Na ziwa jipya halizaliwi.

Halafu yule ndege wa mdomo niliyesema tumshike. Anataga kwenye mchanga mtupu kiangazi kwa sababu miaka yote kiangazi mto unashuka tu, haupandi. Mamba naye anafukia mayai mchangani kama miezi mitatu, kina dume na jike wanaamuliwa na joto la ule mchanga, mama anakaa pale bila kula vizuri mpaka asikie watoto wanalia ndani ndo afukue. Wote hawa wameamini kalenda ya mto. Umeme ukihitajika sana mji mkubwa mwezi wa kumi maji yakaachiwa ghafla, mchanga unafunikwa usiku mmoja na mayai yote kwisha.

Ninachokiomba mimi ni waachie mafuriko ya kupangwa, masika, maji mengi kwa siku kadhaa yapande kwenye maziwa na yafike kwa mzee Ndundu alime mlau wake, na watangaze mapema kijiji kwa kijiji watu na mbuzi wapande juu. Na kiangazi maji yashuke polepole yabaki chini. Nchi nyingine zenye mabwawa wameshafanya hivyo, sio ndoto. Tunaokaa mtoni tuulizwe, mi naweza kumtajia mtu kila kisiwa cha mchanga chenye mayai kutoka Mtemere mpaka mdomo wa korongo.

Mzee_wa_Ndundu

Hapo kwenye kutangaza kabla, weka mara mbili.

MjukuuWaUtete

Jamani nimekaa na hii mada wiki nzima. Jana nilimpigia tena bibi nikamsomea yote, ya Nahodha, ya mwalimu, ya babu wa Ndundu, ya boriti za Oman akasema kaka yake alikuwa mkataji. Akanyamaza muda halafu akaniambia kitu ambacho hajawahi kuniambia, kwamba lile shamba la choroko nyuma ya nyumba yao ya zamani bondeni lilikuwa mto alipokuwa msichana, walikuwa wanateka maji hapo. Mwaka mmoja masika yalipoondoka mto haukurudi, ulikuwa umekaa upande wa pili. Babu yangu alipochimba kisima hapo akatoa makombe ya mtoni, mikono miwili imejaa, meupe, bado yamefungamana, na bibi alimwekea mama yangu moja la kuchezea.

Mama anasema analikumbuka. Mwezi wa sita nakwenda Utete, bibi amesema atanionyesha mahali penyewe kama maji yatakuwa yameondoka.